Ungo wa vioo, lenzi na friza ya Igombe: jua la Mwanza linafaa kazi gani?

SWALI: Shikamoo mhandisi. Niko Igombe, nauza dagaa wakavu na nina friza ya barafu na juisi. Umeme ukikatika mchana barafu inayeyuka na hasara inabaki kwangu. Mdogo wangu ni fundi wa kuchomelea. Ameona video ya watu wanaokusanya jua kwa vioo na lenzi mpaka chuma kinayeyuka, na akasikia kwamba nchi nyingine zinazalisha umeme hivyo hivyo. Tuna ungo wa televisheni wa zamani, wa futi 6. Anataka kuubandika vipande vya vioo, achemshe maji ndani ya mtungi wa gesi mtupu, mvuke uzungushe jenereta. Kama hilo ni gumu, tuweke lenzi juu ya paneli moja ndogo ili itoe umeme wa paneli kumi. Inawezekana? Na dagaa je, msimu wa mvua, vioo haviwezi kutusaidia kukausha?

JIBU: Marahaba, mama. Nianze na mtungi, maana hilo halisubiri. Mwambie mdogo wako auache. Mtungi uliowahi kubeba gesi ukichomelewa, mabaki yaliyomo ndani yanaweza kulipuka kwa cheche ya kwanza. Hata akiuosha vizuri, hatari kubwa zaidi iko mbele yake. Maji yakigeuka mvuke kwenye hewa ya kawaida yanataka nafasi takriban mara 1,600 ya ile yaliyokuwa nayo. Ndani ya chombo kilichofungwa nafasi hiyo haipo, basi shinikizo linapanda na maji yanazidi kupata joto kupita nyuzi 100 bila kuchemka. Siku mshono mmoja ukiachia, sehemu ya maji hayo inageuka mvuke papo hapo, na mtungi unaruka vipande vipande. Boila ya kiwandani ina vali ya usalama, ina kipimo cha shinikizo, chuma chake kimepimwa, na wakaguzi wa OSHA, wakala wa serikali wa usalama na afya kazini, huipitia. Mtungi wa uani hauna hata kimoja kati ya hivyo. Kijana ana akili ya ufundi na ningependa aitumie; kazi ya kumpa ipo, nitaifikia.

Sasa swali lenyewe. Jua la Mwanza ukilikusanya kwa vioo linakupa joto zuri sana. Umeme halikupi kwa namna inayolipa. Ukitaka umeme, weka paneli. Nitakueleza kwa nini, ili mdogo wako asidhani namkatisha tamaa.

Kioo na lenzi haviongezi jua. Gata ya paa inakusanya mvua ya bati zima na kuimwaga kwenye pipa moja, lakini haijawahi kuongeza hata tone la mvua. Ukubwa wa bati ndio unaoamua upate maji kiasi gani. Ndivyo ilivyo kwa ungo wenu. Mchana wa anga safi, kila mita moja ya mraba inayotazama jua hupokea karibu wati 1,000. Ungo wa futi 6 una mdomo wa mita za mraba 2.6 hivi. Toa sehemu ya mwanga ambayo vioo haviwezi kuikusanya (nitaieleza muda si mrefu), toa mwanga unaopotea kwenye nyufa kati ya vipande na kwenye kioo chenyewe, toa miale inayokosa shabaha. Sufuria inabaki na kama wati 1,200 za joto. Hilo ni joto la kutosha kabisa kwa jiko.

Lakini peleka joto hilo kwenye injini ndogo ya mvuke iliyotengenezwa karakana ya mtaani. Injini ya namna hiyo ikigeuza asilimia 5 ya joto kuwa nguvu ya kuzungusha, imejitahidi. Unabaki na wati 60, kisha jenereta nayo inakata chake. Taa chache na simu za kuchaji, basi, na mtu amekaa pale siku nzima akiugeuza ungo na kuongeza maji. Eneo lile lile la mita za mraba 2.6 ukiliweka paneli za kawaida za siku hizi, zenye ufanisi wa karibu asilimia 20, unapata zaidi ya wati 400 jua likiwa kali, paneli zikiwa zimelala juu ya bati bila mtu kuzigusa.

Hiyo video ya chuma kuyeyuka ni ya kweli. Kule Odeillo, Ufaransa, kuna tanuri la vioo linalofikisha nyuzi zaidi ya 3,000. Ila joto kali na nishati nyingi ni vitu viwili tofauti. Lenzi iliyotolewa kwenye televisheni kubwa ya zamani inaweza kuunguza ubao kwa sekunde chache kwa sababu imebana mwanga wa eneo lake lote kwenye doa dogo. Jumla ya nishati kwenye doa hilo haizidi ile iliyoingia kwenye lenzi, tena ni pungufu.

Nimesema kuna mwanga ambao vioo haviwezi kuukusanya, na kwetu huku ziwani hapo ndipo penye kikwazo kikuu. Mwanga wa jua unatufikia kwa njia mbili. Kuna unaokuja moja kwa moja kutoka kwenye jua, na kuna uliotawanywa na mawingu, vumbi na unyevu, unaotoka kila upande wa anga. Paneli inakula yote miwili. Ungo na lenzi vinakusanya ule wa kwanza tu, kwa sababu haiwezekani kuelekeza mahali pamoja miale inayotoka pande zote. Jaribu hivi: toka nje, nyoosha mkono juu ya mchanga utazame kivuli cha vidole vyako. Kingo zake zikiwa kali, vioo vitafanya kazi. Kivuli kikiwa laini, au vidole havitofautiani vizuri, ungo wako hapo hauchemshi hata chai, wakati paneli ya jirani inaendelea kutoa sehemu ya umeme wake.

Fanya jaribio hilo wiki nzima, saa tofauti za siku. Ninyi wa Igombe mnajua jinsi radi za usiku zinavyopiga ziwani na asubuhi wingu likawa bado halijaondoka. Mchana mawingu mengine yanajijenga upande wa nchi kavu. Kuna vuli ya Oktoba hadi Desemba, kuna masika ya Machi hadi Mei. Na hata kiangazi cha Juni hadi Septemba, ambacho mtu angekitegemea, kuna siku anga linakuwa jeupe kwa vumbi na moshi wa mashamba yanayochomwa. Wewe unaona ni jua tele, kivuli kinakwambia vingine. Ongeza wale wadudu wa ziwani wanaopanda makundi makundi kama wingu jeusi. Wakishatua kwenye vioo unafuta mpaka mkono unachoka.

Kikwazo cha pili ni mwendo wa jua. Mdogo wako aweke lenzi juu ya ubao, aifunge isitikisike, atie alama ya penseli kuzunguka doa la mwanga. Baada ya dakika 2 hivi doa litakuwa limehama kwa karibu upana wa jua lenyewe. Jua linasogea nyuzi 15 kwa saa, na upana wake angani ni kama nusu ya nyuzi moja. Kwa hiyo kifaa kinachobana mwanga kwa nguvu ni lazima kigeuzwe muda wote, kwa mkono au kwa mota. Kwetu kuna jambo jingine la kujua: saa zetu zimepangwa kwa longitudo ya nyuzi 45 mashariki, na Mwanza iko karibu na nyuzi 33. Ndiyo maana jua letu linafika juu kabisa karibu saa 6:50 mchana, na siyo saa 6:00. Katikati ya Machi na mwishoni mwa Septemba, muda huo, linakuwa juu ya utosi: simamisha fimbo wima na kivuli kinapotea. Atakayejenga ungo Mwanza lazima auwezeshe kulala chali kabisa.

Mdogo wako ameuliza vizuri: mbona wenzetu wanaweza? Wanaweza, na si jambo la juzi. Mwaka 1913, huko Maadi karibu na Cairo, Mmarekani Frank Shuman alifunga mifereji mitano ya vioo vilivyopinda, kila mmoja ukiwa na urefu wa mita 60 na ushee, akazalisha mvuke wa kuendesha pampu iliyovuta maji ya Mto Nile zaidi ya lita 20,000 kwa dakika kumwagilia mashamba. Sehemu ya maji hayo ilitoka ziwani kwetu, kupitia Jinja. Vita Kuu ya Kwanza ilikatisha mradi, kisha mafuta yakawa rahisi, vioo vikasahaulika kwa miongo mingi. Vilirudi kwa nguvu miaka ya 1980 katika jangwa la Mojave, California, ambako mitambo ya mifereji iliyojengwa kati ya 1984 na 1990 ilifikia jumla ya megawati 354. Barani kwetu kuna mtambo wa Noor wa Ouarzazate nchini Moroko, ambao awamu yake ya kwanza ya megawati 160 ilianza 2016, na kuna mitambo ya Northern Cape, Afrika Kusini, kama KaXu yenye megawati 100.

Tazama majina hayo yapo wapi. Mojave, ukingo wa Sahara, nyika kame za Northern Cape. Wajenzi wa mitambo hii hutafuta mahali ambapo mwanga wa moja kwa moja unafikia kama uniti (kilowati-saa) 2,000 kwa mita ya mraba kwa mwaka, na mahali hapo huwa ni jangwa. Halafu wana ukubwa. Mtambo mkubwa unapoteza joto kidogo kwa kulinganisha na linaloingia, na turbaini yake inageuza zaidi ya theluthi ya joto kuwa umeme. Ile asilimia 5 ya karakana haipo huko.

Na wana chumvi. Hili ndilo linalonivutia mimi kuliko yote. Mnara wa Gemasolar huko Hispania, ulioanza kazi 2011, umezungukwa na vioo 2,650 vinavyofuata jua, na juu ya mnara kunapita chumvi iliyoyeyuka, mchanganyiko wa nitrati ya sodiamu na nitrati ya potasiamu. Inapanda ikiwa na nyuzi 290, inashuka na nyuzi 565, inahifadhiwa kwenye tangi. Jua likizama, wanatumia joto la tangi hilo kutengeneza mvuke, kwa muda wa hadi saa 15. Vioo vinaendelea kuwa na maana kwenye ulimwengu wa paneli rahisi kwa sababu hiyo hasa: kuhifadhi joto kwa wingi kwa ajili ya usiku. Sisi majirani wa Kishapu, mkoani Shinyanga, mradi mkubwa wa umeme jua tulioupata ni wa paneli, na kwa anga letu naona ni sawasawa.

Sasa lenzi juu ya paneli. Paneli ni seli nyingi zilizounganishwa mfululizo, na mkondo unaopita kwenye mlolongo huo unabanwa na seli dhaifu kuliko zote. Ukisimamisha lenzi mbele yake, unachukua mwanga wa seli zote unaurundika kwenye mbili au tatu. Zilizobaki ziko kivulini, kwa hiyo umeme unashuka badala ya kupanda. Zile zilizopata doa zinaungua; risasi inayoshika viunganishi huyeyuka kwenye nyuzi 200 hivi, na lenzi inafika huko mara moja. Zipo seli maalumu za kazi hiyo, ndogo kama ukucha, za matabaka kadhaa, zinazopokea mwanga wa jua mamia ya mara. Mwaka 2022 maabara ya Fraunhofer ya Ujerumani ilifikisha ufanisi wa asilimia 47.6 kwa seli ya namna hiyo, chini ya mwanga wa majua 665. Ila zinahitaji kupozwa na kugeuzwa kwa usahihi mkubwa, na paneli za kawaida ziliposhuka bei, kampuni nyingi za teknolojia hiyo zilifunga. Kuhusu kuegesha kioo bapa kando ya paneli, wengine huongeza umeme kidogo hivyo. Mimi sikushauri. Paneli zetu mchana zinafika nyuzi 60, na kila nyuzi moja juu ya 25 inaondoa karibu asilimia 0.35 ya umeme. Ukiongeza joto unazeesha ile plastiki inayofunika seli, na dhamana ya muuzaji inaisha palepale.

Basi friza. Kabla hujanunua chochote, pima. Chagua siku umeme haujakatika, zima kila kitu nyumbani isipokuwa friza, andika uniti zilizobaki kwenye mita ya LUKU, kisha usome tena baada ya saa kadhaa na kuzidisha mpaka saa 24. Ukikuta uniti 1.5 kwa siku, hesabu inakwenda hivi: siku mbaya chukulia saa 4 za jua kali, toa asilimia 30 ya upotevu, unahitaji paneli ya wati 550 hivi. Betri ya lithiamu ya volti 24 na saa-ampea 100 inabeba uniti 2.4, inatosha usiku mzima na zaidi. Inveta iwe ya wati 1,000 yenye wimbi safi, kwa sababu kompresa ikiwaka huvuta mara kadhaa ya kawaida yake kwa sekunde moja, na inveta dhaifu hukatika hapo. Paneli ilale kama nyuzi 10 ikitazama kaskazini, mvua ioshe vumbi.

Lakini umesema umeme unakatika mchana. Kama ni saa chache tu, kuna dawa ya bei ndogo sana, na ni wazo lile lile la chumvi ya Gemasolar, ila kwa upande wa baridi. Chukua chupa za plastiki za lita moja na nusu, weka maji yenye gramu 100 za chumvi ya kawaida kwa kila lita, usizijaze hadi mdomoni kwa sababu barafu inavimba. Panga lita 20 pembeni na chini ya friza. Maji hayo yanaanza kuganda kwenye nyuzi 6 hivi chini ya sifuri, kwa hiyo umeme ukikatika yanayeyuka yenyewe kwanza na kuibakiza barafu yako ya kuuza bado imeganda. Friza yenye kifuniko cha juu, ikifunguliwa mara chache, inaweza kuvuka nusu siku hivyo. Zigandishe usiku wa kwanza wote kabla ya kuzitegemea. Ningekuwa wewe ningeanza na chupa, nikaangalia mwezi mmoja, ndipo nikafikiria paneli.

Na ule ungo? Hapa ndipo kazi ya mdogo wako. Awajengee jiko. Akate vioo vyembamba vya kujitazamia vipande vya mraba vya sentimita 5, avibandike kwa silikoni. Vipande vikiwa bapa, doa la mwanga linakuwa pana kidogo kuliko kipande kimoja, na hilo ni zuri kwa sufuria kwa sababu joto halitoboi mahali pamoja. Kingo za kila kipande azipake rangi au silikoni, la sivyo unyevu wa ziwa unapenya nyuma na ule weupe unaoakisi unageuka mweusi kuanzia pembeni. Sufuria iwe nyeusi kwa nje na ikae pale palipokuwa kichwa cha kupokea mawimbi. Kwa wati 1,200 lita 10 za maji zinachemka chini ya saa moja. Wewe unatengeneza juisi: hayo ndiyo maji ya kuchemsha kila siku yenye kivuli kikali, na mkaa unabaki kwenye gunia. Akishaliweza hilo, asome kazi ya Wolfgang Scheffler, mvumbuzi aliyejenga kiakisi chake cha kwanza kilichofanya kazi vizuri mwaka 1986 katika misheni moja kaskazini mwa Kenya. Chake kinageuka chenyewe kufuata jua huku doa likibaki mahali pamoja, hata mpishi anakaa jikoni ndani, kivulini.

Anapofanya kazi avae miwani yake ya kuchomelea. Ungo usipotumika ufunikwe turubai au ulazwe kifudifudi. Ukiachwa wazi, jua linatembea na doa linaweza kuhamia kwenye nyavu, kwenye nyasi za paa au usoni kwa mtoto anayepita.

Dagaa usiwaelekezee vioo kabisa. Dagaa anataka hewa kavu inayotembea, yenye nyuzi 45 hadi 60; ukimzidishia joto anaiva nje, anakatika, na ndani bado ana maji. Kilo 100 za dagaa wabichi unapaswa kuziondolea karibu kilo 70 za maji, na kuyageuza hayo mvuke kunataka uniti 47 za joto. Kikaushio cha nailoni ya kuangaza kinakupa uniti moja na nusu hivi kwa mita ya mraba kwa siku ya jua zuri. Kwa hiyo kilo 100 kwa siku zinahitaji kama mita za mraba 30, yaani hema la mita 3 kwa 10. Ndani weka vichanja vya wavu, acha tundu la kuingiza hewa chini upande unakotoka upepo wa ziwa na tundu la kutoa juu upande wa pili. Tundu la juu lisiwe dogo: hema lililozibwa linakuwa na joto, lakini unyevu unabaki humo humo na dagaa wanaoza. Siku ya wingu paneli ndogo na feni mbili vinasaidia kusukuma hewa, na dagaa watachukua siku ya pili. Siku ya mvua tupu jua halipo kwa kioo wala kwa nailoni. Wachovye kwenye maji ya chumvi mapema ili wastahimili mpaka anga lifunguke. Anza na hema la mita 2 kwa 3, pima kwa mizani uzito wa asubuhi na wa jioni, kisha niandikie tarakimu hizo pamoja na zile za LUKU. Nikizipata nitakuchorea vipimo vya hema kubwa.